Mtu wa Mvua ya Mawe wa Nyansiongo

"Bathsheba," jirani yangu Nyaboke aliniuliza siku moja tukichambua maharagwe, "ni kweli baba yako mdogo ndiye aliyeileta ile mvua ya mawe ya zamani?"

Nilicheka hata maharagwe yakanimwagika. Manasseh kuleta mvua! Mtu aliyeshindwa kuleta hata kuni nyumbani kwake, mkewe ndiye aliyezitafuta, yeye akawa anaota moto tu. Bwana Yesu anisamehe, marehemu hasemwi vibaya. Lakini jambo la kweli si tusi, na mimi nilikuwepo, msichana wa kuchuma pareto katika shamba alikofanya kazi.

Ulikuwa mwaka 1951. Baba mdogo alikuwa fundi wa kukandika nyumba za wafanyakazi kwa mzungu mmoja upande wa Nyansiongo. Kanisani kwetu, sisi Wasabato, alikuwa anautaka ushemasi kama ng'ombe anavyotaka chumvi. Wazee walikuwa wamesema watachagua Sabato ya kwanza ya Januari. Basi yeye akaanza mapema: akitembea, mikono nyuma, akikohoa, anakohoa kishemasi.

Desemba memsabu, mke wa yule mzungu, akamwita, akamwonyesha kadi yenye picha ya mtu mnene, mweupe, bila miguu, kama viazi viwili vilivyopandana. Watoto wake walitaka mmoja wa namna hiyo uwanjani siku ya Krismasi, na awe mrefu kupita mlango. Baba mdogo akamgeukia mpishi, Yakub, Mwislamu wa Kisii mjini, ambaye peke yake pale alijua Kiingereza.

"Hiki ni kitu gani?"

Yakub akakuna kidevu. Neno theluji hakuna aliyekuwa nalo. "Kwao mvua huganda ikawa nyeupe chini, watoto wakaifinyanga. Sema tu ni mtu wa mvua ya mawe."

Kwetu hilo si neno la mchezo. Mvua ya mawe ikishuka, migomba huchanika ikawa nyuzi, mahindi yakalala chini. Zamani walikuwepo watu waliopewa mbuzi ili waizuie. Sasa mtu mzima anaambiwa aifinyange, aipe na pua.

Akaifinyanga. Fito, wavu wa banda la kuku, magunia kumi na mawili ya nyasi kavu. Akakandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe, juu akapaka chokaa mara tatu. Pua ilikuwa gunzi la mahindi, na kichwani akamvika ndoo iliyotoboka. Tulicheka sisi wachuma pareto hadi nyapara akatufukuza.

Lakini alipofika kwetu upande wa Nyamira kusali Sabato iliyofuata, hakusema magunia. Alisema, "Nimemfinyanga mtu wa mvua ya mawe. Kwa mkono huu." Watu wakampisha njia. Hapo ndipo alipoonja utamu.

Mchana, mjane mmoja, Bonareri, akaja amebeba kuku wake anayetaga. "Baba, mahindi yangu hayajakomaa. Huyo mtu wako hatatumaliza?"

"Hawezi, mong'ina, mama yangu, mimi nisipomruhusu. Nitazungumza naye."

"Na atakusikia?"

"Nani asiyemsikia aliyemuumba?"

Nilimvuta kando. "Baba mdogo, si ni magunia yale?"

"Wewe umesoma darasa la nne tu," akaniambia. "Nyamaza."

Akampokea yule kuku. Alingoja jua litue, maana alikuwa mshika Sabato hodari, kisha akamchinja.

Mvua ilikuja siku mbili baada ya Krismasi, saa tisa mchana, ikapiga kuanzia mashamba ya wazungu hadi kwetu. Kwanza maji, halafu mawe kama mayai ya njiwa. Kule Nyansiongo chokaa ya mtu yule ilitiririka, udongo ukafuata, tumbo likapasuka, na ndama wa memsabu wakaja kula nyasi za ndani. Niliwaona kwa macho yangu. Kwetu, shamba la Bonareri lilibaki vijiti.

Sabato ya kuchagua ikafika. Kabla hata ya wimbo, Bonareri akasimama katikati ya kanisa.

"Manasseh, hukuzungumza naye, au hakukusikia?"

Baba mdogo akainuka, jasho linamtoka. "Nilizungumza naye, mama. Ila yule ni wa mzungu. Anasikia Kiingereza zaidi."

Kanisa likaangua kicheko. Hata waliopoteza mahindi walicheka, wakijifuta machozi kwa leso.

Mzee Onchiri, kiongozi wa kanisa, hakucheka. Akafungua daftari lake la washiriki. "Manasseh, ushemasi sahau. Sasa nisikilize. Kama kile kitu kilikuwa na nguvu na wewe ukasema nacho, umeabudu sanamu. Utatengwa mwaka mzima, halafu ubatizwe upya. Kama kilikuwa magunia matupu, ulimdanganya mjane. Utamwomba msamaha hapa mbele ya watu, uketi, na Meza ya Bwana hutaikosa. Niandike lipi?"

Njia nyepesi hata kipofu angeipapasa akaiona. Mkewe alimvuta koti. "Sema magunia, baba watoto, tusiaibike zaidi." Mimi niliinamisha kichwa nikamwombea, kwa moyo wote, na leo ninaona nilipoteza sala nzuri.

Yeye alikuwa anatazama mlangoni. Pale walisimama wazee watatu wasio wa kanisa, waliokuja tu kumwona mtu anayezungumza na mvua ya mawe. Hao hawakuwa wamecheka. Mmoja alirudi nyuma hatua moja kwa hofu, macho yake na ya baba mdogo yalipokutana. Baba mdogo akanyoosha koti, akaweka mikono nyuma.

"Mzee, niandike mwabudu sanamu," alisema. "Ninaomba tu usiandike kwamba yalikuwa magunia."