Vidonge Viwili vya Tawiah

Watu wa Bukom, mtaa wetu wa mabondia, wanapenda kusema Tawiah Quarcoo alijiharibia mwenyewe. Waache waseme. Mimi Okpoti ndiye niliyekuwa namfunga bandeji mikononi tangu ana miaka kumi na minne, na nayajua yote maana nilikuwemo.

Tawiah kwetu ni jina la anayezaliwa baada ya mapacha, na wenye jina hilo husemwa ni wabishi. Huyu wetu alikuwa mpole mpaka unakereka. Bondia wa kulipwa, mapambano kumi na tisa, kapoteza mawili, na bado anamwoshea mama yake vyombo. Kasoro yake ilikuwa mkono wa kulia. Ilipobaki miezi miwili kufika pambano la ubingwa wa Afrika Magharibi, ulikuwa unamuuma hata akishika kijiko.

Jimu yetu, mkono ukiuma huendi hospitali. Daktari atakwambia upumzike, na aliyepumzika nafasi yake inachukuliwa. Unakwenda kwa mfunga bandeji. Nilikuwa na vidonge vya tramadoli, dawa kali ya maumivu inayolegeza mwili, kwenye kopo la maziwa; nilifundishwa na aliyenitangulia, naye alifundishwa na wake. Wiki moja kabla ya pambano, Jumamosi, Tawiah alimeza kimoja asubuhi, mchana akaja tena. Nikampa viwili. Sikumuuliza kama anaendesha gari. Wali wangu wa maharage ulikuwa unapoa, basi.

Barabara ya kwao ilikuwa imefungwa na mahema ya msiba, kama Jumamosi zote, akakatiza kwenye uchochoro wa wauza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi. Alisema baadaye kwamba alimwona Mama Amerley, mmoja wa wauzaji, vizuri kabisa, ila mguu ulichelewa kukanyaga breki. Gari lilipindua masufuria, likamvunja mama yule mguu sehemu mbili. Polisi wakampima Tawiah damu, na majibu unayajua.

Kamati ya ndondi ikamfungia miaka minne. Ana ishirini na tisa. Hesabu hiyo haihitaji shule. Mwenyekiti akamwambia akimtaja aliyempa dawa ndani ya siku thelathini, adhabu itashuka hadi mwaka mmoja. Tawiah akajibu alinunua mwenyewe. Mimi nimekaa nyuma yake, kimya kama maji mtungini. Niliogopa. Nina miaka sitini na tatu, sijui kazi nyingine, na nikitajwa sikanyagi tena pembeni mwa ulingo.

Siku ya ishirini na sita kati ya zile thelathini tukaenda kwa Mama Amerley kuomba radhi. Kwetu mkosaji hasemi. Anatanguliwa na wazee, msemaji wao na chupa mbili za pombe kali. Yeye anainamisha kichwa tu. Aliyekosewa akikubali, chupa inafunguliwa na bilauri inazungushwa kwa wote. Mimi ndiye niliyebeba chupa. Uso nao umeumbwa na haya, lakini wangu siku ile sijui haya zilikwenda wapi.

Mama alikuwa ameketi, mguu wenye plasta juu ya kigoda. Mzee Ayiku, msemaji wetu, akaanza: "Mama, mtoto akikunyea mkono huukati. Kijana ameteleza."

"Mtoto gani? Huyu mwenye ndevu?"

Majirani mlangoni wakacheka.

"Tunasema kwa niaba yake, mama."

"Na gari mlimwendeshea nyinyi? Basi mdomo nao atumie wake. La sivyo, chukueni chupa zenu mwende."

Wazee wakatazamana. Jambo hilo hawakuwahi kuliona. Tawiah akainua kichwa.

"Nisamehe, mama. Nilimeza vidonge nikashika usukani."

"Ulipewa na nani?"

"Nilinunua sokoni."

"Mwanangu, mimi niko soko hili mwaka wa thelathini. Wauza dawa wote nawajua kwa majina ya mama zao. Nimewauliza. Nani alikupa?"

Tawiah akaangalia sakafu, jasho linamtiririka. Mtu aliyekula ngumi raundi kumi na mbili bila kurudi nyuma. Nikaona aibu, aibu kweli.

"Nilimpa mimi," nikasema.

Mzee Ayiku akanivuta shati. "Okpoti, nyamaza. Hatukuja kwa hilo."

"Nilimpa mimi, mama. Na kesho nakwenda kuiambia kamati."

Nilidhani Tawiah atapumua. Wapi! Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata ulingoni.

"Nani kakutuma, mzee? Siku ile ya ajali, hospitali waliupiga picha na huu mkono. Mifupa imesagika. Mwaka mmoja, miaka minne, kwangu ni mamoja, sipigani tena. Wewe ndiye uliyekuwa umebaki na kazi."

Mama Amerley akaniambia nifungue chupa. Akanywa, akampa Tawiah, akawapa wazee. Mimi hakunipa, na sikumlaumu.

Kesho yake nilikwenda kwenye kamati. Mimi wakanifungia maisha, Tawiah wakampunguzia hadi mwaka mmoja, mwaka usiomsaidia kitu. Siku hizi anafundisha watoto kurusha ngumi, kwa mkono wa kushoto. Nikipita ananisalimia vizuri, "Shikamoo, mzee," kama zamani.

Nilimuuliza mara moja tu kama ni ajali iliyousaga ule mkono. Akasita, kwa upole wake ule. Kisha akasema hapana, daktari aliona ni mvunjiko wa zamani, wa kama miezi miwili nyuma. Na miezi miwili hiyo nilikuwa naufunga mimi kila asubuhi, nampa kidonge, halafu namwambia apige kwa nguvu zaidi.