Droni yangu ilianguka kaburini, analaumiwa mama mdogo

Admin, nipostie, lakini jina langu libaki kwako, kwa sababu watu wa kwetu Khwisero wako humu ndani na wanasomanga kila kitu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, nimemaliza koleji, kazi sina, natengeneza droni kwa mikono yangu. Nimelelewa na mama mdogo, mke wa ndugu yake baba. Meza yake ya sebuleni imejaa alama za kuchomelea waya na hajawahi kunigombeza. Wengine wakinicheka eti nachezea ndege ya watoto, yeye anawaambia waniache.

Baba mdogo alipofariki kwa ugonjwa wa sukari, nikajitolea kupiga picha za mazishi kutoka juu. Hapo ndipo kiburi kilinimaliza. Mota nilizokuwa nazo ni ndogo, za kuzunguka kwa kasi sana, na mota kama hizo zinataka propela fupi na betri nyepesi. Lakini kamera niliyoazima ilikuwa nzito, droni ikakataa kuinuka. Ilifaa nitafute mota kubwa za kuzunguka polepole. Mimi nikafunga propela ndefu kwa mota zilezile, nikaongeza na betri kubwa. Ni kama kufunga ndama kwa plau. Nilipoijaribu nyuma ya miwa iliruka, ndiyo, lakini iliposhuka mota hazikushikika kwa joto, na zilinuka kuungua. Nilijua, ndugu zangu. Nikajiambia itavumilia tu, wageni wa Nairobi wasinione bure.

Siku yenyewe, mama mdogo alikuwa amesimama kando ya kaburi na udongo mkononi, akitaka kuutupa. Droni ikatoa moshi, ikapinduka, ikaanguka miguuni pake. Senje, dada ya marehemu, akasema akiwa ametulia kabisa, "Mmeona. Ndugu yangu amekataa udongo wa huyu."

Kufika jioni ilikuwa habari ya kijiji kizima. Sasa wanasema mama mdogo anajua kilichomuua mumewe, na akina mama aliokuwa akisali nao hawapiti kwake tena. Mimi niliokota vile vipande haraka haraka nikavificha chini ya kitanda. Waya za mota zimekuwa nyeusi kama makaa, mtu yeyote wa mambo haya akiziona ataelewa mara moja.

Juzi aliniita jikoni, akanipakulia obusuma, ugali wetu, akaniuliza polepole, "Wewe ndiye uliitengeneza. Niambie tu ukweli, ilianguka kwa nini?"

Nikamjibu, "Hata mimi sijui, mama."

Naona haya hata kuyaandika. Nilikuwa nakula chakula chake. Niliogopa watu wageuke waseme ni mimi niliharibu mazishi, na kweli ni mimi.

Jumamosi wazee wanaketi kuamua kama atabaki hapo nyumbani ama arudi kwao. Nikisema sasa, senje atadai nimepangiwa maneno. Nikinyamaza, anafukuzwa. Na yeye ameniomba siku hiyo niketi kando yake, anasema kwa hilo boma ni mimi tu nimebaki wa kumwamini. Jamani, nishaurini, nianzie kwa wazee ama kwake?