Nilipomfukuza Kanali Angani

Siku yangu ya kwanza kazini katika jeshi la anga niliambiwa nilale kifudifudi. Nilikuwa nimetoka kuhudumia wagonjwa mjini Burnsville, huku ughaibuni, kazi ya kusimama kutwa, nikaona nimebahatika. Mahali pangu palikuwa mkiani mwa ndege ya mafuta, mbele ya dirisha dogo. Ndege nyingine ikija nyuma na chini yetu, mimi ndiye niliyeongoza bomba refu hadi likaingia kwenye tundu lake la mafuta, ndege zote mbili zikiwa zinaruka.

Mwalimu wangu, sajini mkuu asiyecheka, alinikataza kitu kimoja tu: adabu.

"Ukiona hatari, sema 'Jitenge!' mara tatu, ndege ziachane mara moja. Hakuna tafadhali, hakuna afande."

Mimi niliyelelewa Nyeri nisimkatize mkubwa maneno, hilo lilinishinda kuliko bomba lenyewe. Nilifanya mazoezi garini peke yangu, kwenye foleni ya barabara kuu ya I-35, nikiyafokea magari ya watu wasio na hatia.

Katika kituo changu cha pili, nikiwa sasa sajini, kamanda wetu, kanali, alikuja kuchukua mafuta akirusha ndege mwenyewe. Alikuja kwa kasi. Nikamwambia apunguze, hakupunguza. Huyo ndiye aliyekuwa aamue kama mkataba wangu utaongezwa, na nyumbani nilikuwa na watoto wawili. Niliogopa, sioni haya kusema. Nikapaza sauti: "Jitenge! Jitenge! Jitenge!" Akateremsha ndege yake ghafla, rubani wetu akapandisha yetu, na kanali akarudi kutua bila mafuta.

Aliniita ofisini.

"Nafasi ilikuwa inatosha, sajini."

"Kwa macho yangu haikutosha, afande."

"Na kama ulikosea?"

"Basi nilikosea, afande. Lakini uko hapa unaniuliza."

Hakunisifu wala hakuniadhibu, na mkataba wangu ukaongezwa.

Sasa nimestaafu, niko Roseville, namsumbua mume wangu. Juzi baada ya ibada vijana walinizunguka na vikombe vyao vya chai.

"Auntie, so uli-save ndege ngapi?"

Niliwajibu kwamba sijui. Huenda hata ile ya kanali isingetugonga. Nikaona wamevunjika moyo, maana walitaka hesabu. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo: ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea cha kusimulia.

Kila Krismasi kanali hunitumia picha ya wajukuu wake, bila neno hata moja.