Niliogopa Kufika Ukweni na Tairi Zilizolegea

Kong!

Niliisikia kabla sijaona chochote. Sauti moja, nzito, chini ya kiti changu, kama mtu amepiga reli kwa nyundo. Injini iliendelea kunguruma, lakini gari halikwenda mbele wala nyuma.

Nianze kwa kukiri, na msihangaike kunitetea. Kosa si la gari, si la mchanga, wala si la rafiki aliyeniazima. Mke wangu hakumzika baba yake mzazi, na aliyemzuia ni mimi.

Mke wangu anaitwa Kabula, mtoto wa kwanza wa kwao. Kwao ni kijiji cha ziwani upande wa Magu, kwenye mwalo ambapo wavuvi hushusha samaki na wanawake huanika dagaa. Baba yake alifariki huko, na maziko yakapangwa mchana wa siku iliyofuata. Kwenye familia yao, jeneza likishashushwa, mjane hutupa udongo wa kwanza, kisha mtoto wa kwanza. Wengine wote husubiri mkono wa huyo mtoto.

Kabula alitaka kupanda basi alfajiri. Mimi nikamwambia asubiri, nitatafuta gari. Sikutaka kushuka kwenye basi mbele ya ukoo wake.

Lazima niwaeleze kwa nini. Siku ya kupeleka mahari, lori letu la ng'ombe liliharibika njiani, tukafika kwa miguu tukiwaswaga, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Lakini tangu siku hiyo Masanja, mdogo wake Kabula, kila tukikutana huangalia chini na kuniuliza, "Shemeji, viatu vipo?" Ni utani tu wa shemeji. Mimi niliumeza kama mwiba wa sangara, na miaka yote hiyo ukawa umekaa kooni.

Basi nikaenda kwa Nilesh. Tulisoma naye sekondari, na familia yake ina duka la spea mjini. Akanipa gari lake kubwa la fo wili bila maswali. Kabula alikuwa amesimama pembeni, na Nilesh akampa pole kwa mikono miwili. Kisha akanishika bega.

"Nisikilize, kaka. Ukilazimika kupita mchangani, kwanza punguza upepo kwenye tairi zote. Zima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, maana mchangani unakunyima nguvu. Na loki ya difu ifunge mapema, gari likiwa limetulia, usukani umenyooka. Usiifunge tairi zikiwa zinazunguka. Utavunja kitu."

Loki ya difu ni kitufe kinachoyafunga magurudumu ya nyuma yazunguke kwa pamoja, ili moja likielea, mwenzake avute. Nilitikisa kichwa. Mle kichwani nilikuwa najiona nikiingia uani kwa wakwe, vioo vimeteremshwa nusu.

Mnajua nilifanya nini baada ya hapo? Nililipeleka gari kuoshwa! Kwenye uoshaji wa magari pale Mkuyuni, mke wangu amefiwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki na khanga yake nyeusi, na mimi nasimamia vijana wasugue rimu. Tulipoipita Kisesa jua lilikuwa limeshapanda.

Tulipoacha lami kulikuwa na njia mbili. Ya juu ni ya changarawe, ndefu, ina mashimo. Ya chini inafuata ufukwe.

"Tupite juu," Kabula alisema. "Tutachelewa kidogo, lakini tutafika."

"Gari hili haliogopi mchanga," nikamjibu.

Mchanga ulianza mwembamba, mweupe, mtamu kwa macho. Ziwa lilikuwa limelala kama shuka iliyonyooshwa. Ng'ambo ya ghuba tuliyaona mabati ya kwao yaking'aa. Karibu kabisa kwa macho, mbali kwa miguu. Kabula akaniuliza kama Nilesh hakusema nipunguze upepo.

"Tufike msibani na tairi zimelegea kama za mkokoteni? Masanja atapata la kusema mpaka nife."

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Siku ya kumzika baba yake!

Gari likaanza kupoteza nguvu. Nakanyaga mafuta, injini inakataa, breki zinakoroma zenyewe, krr, krr, krr. Ulikuwa ule mfumo, unazuia kila tairi inayoteleza, na mchangani zote zinateleza. Sikuuzima. Nilidhani nikikanyaga zaidi nitaushinda. Tukasimama.

Hapo bado mambo yalikuwa yanatengenezeka. Ningeshuka, nikatoa upepo, nikafukua mchanga mbele ya tairi. Na kulikuwa na jingine, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Bodaboda ilipita ukingoni mwa maji, pale mchanga ulipo mgumu. Kabula akafungua mlango, akainua mkono, na yule dereva akapunguza mwendo. Nikampungia aende zake.

"Kaa, mama. Natoa gari sasa hivi."

Akaniamini. Akafunga mlango.

Ndipo nikauzima mfumo, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Tairi zilizunguka kama feni, zikarusha mchanga, zikachimba. Gari likakaa kwa tumbo. Nikakata usukani kushoto kuitafuta ardhi ngumu, na bila kuachia mafuta nikabonyeza loki ya difu.

Kong.

Shafti ya nyuma, chuma kinachozungusha gurudumu, ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimefanya kila alichonikataza Nilesh, kimoja baada ya kingine.

Kabula alishuka, akavua viatu, akaanza kutembea. Hakufika mbali. Simu yake ililia, na alikuwa Masanja. Walikuwa wamesubiri sana. Katekista alikuwa anangojwa kwenye maziko mengine, na wingu jeusi lilikuwa linavuka ziwa. Ardhi ile ya ufukweni mvua ikiinyeshea, kaburi hujaa maji.

"Dada, tumeshindwa kusubiri," nilimsikia akisema.

Kabula alirudi mpaka kwenye gari, akaegemea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Weka simu karibu na kaburi, Masanja."

Kisha akaifungulia simu yake sauti. Tukausikia wimbo, mbali, unapeperuka na upepo. Kisha kimya. Kisha udongo juu ya mbao.

Mke wangu akainama. Akachota mchanga wa ziwa kwa mkono wa kulia na kuutupa ndani ya shimo lililochimbwa na tairi yangu. Wanawake waliokuwa wanageuza dagaa ufukweni, hatua chache kutoka kwetu, waliacha kazi, wakasimama na mafagio yao mikononi. Na mimi nikainama nichote. Kabula akanitazama tu. Nikauachia mchanga ukanipita kati ya vidole.

Bodaboda nyingine ilipopatikana alipanda peke yake. Mimi nilifika jioni, kwa miguu, nimeloa mvua. Nikawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba, wakanipa maji ya kunawa na ugali. Hakuna aliyenigombeza. Masanja alikuja kunipa mkono. Akaviangalia viatu vyangu, vimejaa mchanga na matope, nikaungoja ule utani. Naapa niliungoja kama mwenye kiu! Akainua macho, akasema, "Pole na safari, shemeji," akapita.

Gari la Nilesh limeshapona. Linatembea, na yeye amenisamehe.

Wewe unayesoma hili ukiwa na ufunguo wa gari kubwa mfukoni, nakusihi. Mchangani toa upepo, tairi zilegee, zitambae kama paka. Zima kile cha kuzima, funga kile cha kufunga kabla hujakwama, na ukikwama achia mafuta. Na kama kuna mtu kiti cha pembeni ana mahali pa kufika, ikipita bodaboda, mpandishe. Wewe baki na gari lako. Acha wakwe wote wacheke.

Kabula alibaki kwao mpaka msiba ulipomalizika. Alipokuja hapa nyumbani kwetu Ilemela alikuja kuchukua nguo, akakae na mama yake. Nilimsaidia kukunja. Nikamuuliza ni kwa muda gani, akasema hajui. Nikamwambia sikukusudia.

"Najua," alisema. "Ila ungeniuliza nataka kufika vipi, ningekwambia hata kwa kutambaa."

Alikaa mlangoni avae viatu. Akavikung'uta kwanza, kimoja, kisha kingine, na mchanga kidogo wa ziwa ukamwagika sakafuni. Aliutazama. Hakuufagia. Akabeba begi, akatoka, na mlango akaufunga taratibu nyuma yake.