Mashine Yetu Inakata Mihogo, Lakini Bwanangu Hataki Serikali Ijue

(Aliyetuletea kisa hiki ameomba tufiche jina lake. Anaishi upande wa Nambale.)

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka thelathini na mbili. Ukurasa huu huwa nausoma nikiwacheka wanawake wenzangu wanaolia juu ya waume walevi na waume wapigaji. Wangu hanywi na hanipigi. Wangu ni mtafiti. Chekeni tu, mimi nimeshamaliza kucheka.

Zamani alikuwa fundi wa baiskeli, tena fundi kweli. Sisi huku ugali wetu ni wa mihogo na mtama, na mihogo ikikatwa minene haikauki upesi. Mvua ya jioni ikiikuta, inaota ukungu. Mwaka mmoja yangu yote ilioza juu ya mawe, nikalia. Bwanangu alinihurumia. Akachukua fremu ya baiskeli kuukuu, akafunga visu kwenye gurudumu, na ukikanyaga pedali mihogo inatoka vipande vyembamba vyembamba. Jirani yangu Mama Nekesa alipoijaribu alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Wanawake wakaja na vikapu, tukakata, tukaanika, jua la siku mbili tu tunaanua. Jamani, siku hizo nilimpenda huyo mwanamume, mikono imejaa grisi na anacheka.

Halafu chifu akatangaza barazani kwamba serikali inatoa pesa za utafiti kwa mafundi wadogo wanaobuni mashine. Si mkopo, ni msaada. Bwanangu akaomba. Ofisa akaja na Landrova, akaonyeshwa mashine ikiwa imefunguliwa nusu kwa kupakwa grisi, akapendezwa nayo hivyo hivyo. Pesa zikaanza kuja. Tulishangilia, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Kumbe pesa hizo ni za kutafuta, si za kupata! Ofisa mwenyewe alimwambia hapa uwanjani kwangu, nikisikia: "Bwana fundi, siku mashine ikikamilika, faili inafungwa. Kwa hivyo hatuna haraka." Bwanangu akaitikia, "Ndiyo, afande," na macho yakamng'aa.

Tangu siku hiyo mashine yetu ikaugua. Bwanangu alitoa mnyororo, akautia ndani ya mkoba mweusi alionunua Busia, na mkoba huo haachani nao hata akienda chooni. Siku hizi anavaa tai. Sokoni wanamwita "daktari" na yeye anaitika, aka! Watu wanadhani amebeba makaratasi ya serikali. Makaratasi gani? Ufungueni huo mkoba mtakuta mnyororo wa baiskeli na kitana.

Ofisa akija, mtafiti wetu anapanda juu, anakanyaga pedali, pedali inazunguka bure. Anakuna kichwa. "Bado tunachunguza, afande." Na ofisa anaandika, eti kazi inaendelea vizuri. Mara ya mwisho niliwapikia kuku na ugali wa unga wa mihogo tuliyoikata na mashine hiyo hiyo kabla haijaugua. Ofisa alikula mpaka akalegeza mshipi.

"Mama, ugali wako hauna harufu ya ukungu hata kidogo," akasema. "Unafanyaje?"

Nikamtazama bwanangu. Akatumbukiza macho kwenye mchuzi. "Ni bidii yake tu," akasema.

Ofisa akageuka, akaitazama mashine pale pembeni, akacheka kidogo, akaomba paja la pili. Watu wazima wawili, mmoja anadanganya na mwingine anaona afadhali asijue. Nilitoka nje nikatema mate.

Msimu huu mvua imekuwa mbaya. Mama Nekesa alikuja na kikapu kichwani, akaomba, "Shemeji, nikatie hiki kimoja tu, mingine imeshaoza." Bwanangu akanyoosha tai. "Hiki ni chombo cha utafiti, mama, si cha kuchezea." Mama Nekesa alinigeukia mimi akasema, "Pole, dada." Hiyo pole iliniuma kuliko kofi.

Nilimwambia bwanangu yote yaliyokuwa moyoni. Akanijibu, "Nikikatia watu mihogo, sisi tutakula nini? Mihogo?" Nikamwambia ndiyo, mihogo, kwani ulikuzwa na nini! Akasema nikithubutu kumharibia nitarudi kwa baba yangu na watoto nitawaacha. Namjua, atafanya. Na nisijifanye malaika: mabati ninayolala chini yake yameletwa na utafiti huo huo. Lakini namdharau, wasomaji. Nikimpelekea maji ya kuoga namwekea mbali ili mikono yetu isigusane.

Sasa sikilizeni. Bwanake Mama Nekesa hubeba abiria kwa baiskeli kule mpakani. Juzi ameniletea mnyororo wake wa zamani. Mtafiti wangu amesahau kwamba minyororo imejaa Busia nzima! Nimeupaka mafuta, uko chini ya kitanda anacholalia. Baada ya mavuno ofisa anarudi, safari hii na mkubwa wake. Wanawake wamesema nikiwapa ishara watapita na vikapu vyao, na mashine itakata mbele ya mkubwa. Hapo faili itafungwa, mihogo yetu itapona, na mimi nitatupwa nje bila wanangu. Nikinyamaza nitabaki na wanangu, na mihogo ya wenzangu itaendelea kuoza huku mtafiti akipita na mkoba wake.

Tai yenyewe hajui kuifunga. Mimi ndiye humfungia kila asubuhi, naye ameinua kidevu kama mtoto.

Msiniambie nivumilie, hilo mama yangu ameshaniambia. Nipeni shauri kabla ya mavuno: asubuhi hiyo nimfungie tai, au nifunge mnyororo?