Sabuni Iliyogoma Kuganda

Kamilus Noruka hakuwa mtu mbaya. Anayesema vinginevyo hapa kijijini Koivere hajamwona akimwangulia mtu nazi bila kuombwa, wala hakuwepo mto ulipofurika ukachukua nyumba ya mjane Atanasia, Kamilus akamjengea nyingine huku akishindia viazi vitamu viwili. Lakini kijicho alikuwa nacho, na kijicho chenyewe kilikuwa na jina: Linus, mtoto wa dada yake.

Mambo yalianzia mjini Arawa, mezani kwa karani. Watu wa mradi walikuja kuandikisha vijana wasio na kazi ili wafundishwe biashara. Kamilus alioga, akavaa shati lake la kanisani, akawa wa saba kwenye foleni. Karani akamuuliza mwaka aliozaliwa. Akautaja.

"Kaka, wewe una miaka arobaini. Mwisho wetu ni thelathini na tano. Huu ni mradi wa vijana."

"Mimi ni kijana," alisema Kamilus. "Ujana wangu sijautumia. Vita vimeanza nina miaka kumi na mitatu, vimekwisha nina ndevu. Huo wa katikati nani kaula?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani naye akacheka, ila cheko lake lilikuwa la huruma, na hilo ndilo lililomuuma. "Mzee wa ujana, pisha mwenzio," akasema. Mwenzio aliyekuwa nyuma yake alikuwa Linus, miaka ishirini na mitatu, meno meupe, kiatu kimoja kimefungwa kamba ya mgomba. Jina lake liliandikwa kabla Kamilus hajafika mlangoni.

Tangu siku hiyo hakulala na roho safi. Linus alikaa mjini wiki mbili, akarudi na fulana ya buluu na maneno mapya. Mtaji. Soko. Mjasiriamali. Watu wakaanza kumwita mkurugenzi, kwanza kwa utani, kisha utani ukaisha jina likabaki. Wazee waliokuwa wakimtuma popoo za kutafuna sasa wanamsogezea kigoda akae. Kamilus aliyatazama hayo akitafuna popoo yake mwenyewe, akitema mate mekundu kushoto na kulia, na kila aliposikia "mkurugenzi" alitema kwa nguvu zaidi.

Angeweza kuvumilia yote kama kijana angechagua kufuga kuku. Linus na wenzake saba walichagua sabuni. Sabuni ya mafuta ya nazi na majivu ya maganda ya kakao, kila kitu cha hapa hapa, kama ile iliyotengenezwa wakati wa vita, kisiwa chetu kilipofungiwa njia zote za bahari. Bi Hilda, mama wa Buka aliyesimamia mradi, aliposikia wazo hilo alipiga makofi mpaka bangili zikalia.

Sasa, ile sabuni ilikuwa ya Kamilus. Nasema ilikuwa yake, na sirudi nyuma. Miaka ile hakikuingia kitu kisiwani, si chumvi, si dawa, si kiberiti, na kwenye kambi tulikokimbilia milimani vitoto vilikuwa na upele mpaka masikioni. Kamilus, kijana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyehangaika na masufuria meusi hadi akapata sabuni ngumu ya kukatwa kwa kisu. Watu mia nne walioga kwa mikono yake. Kanuni ya kuigandisha aliijua yeye na rafiki yake Yusto, na Yusto hakurudi kutoka milimani. Vita vilipokwisha sabuni za dukani zikarudi, na hakuna aliyemkumbuka Kamilus hata kwa asante kavu. Leo mtoto aliyezaliwa juzi anaitwa mkurugenzi kwa kazi hiyo hiyo! Nani asingeona kijicho? Mimi ningeona.

Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye wa kumfundisha. Baba akinyamaza, maisha yanaendelea. Mjomba akinyamaza, mtoto hana mlango mwingine wa kubisha.

Linus alibisha. Alikuja kwenye kaushio la kakao na kopo mkononi, ndani mna kitu cha rangi ya uji wa ulezi.

"Mjomba, shikamoo. Hebu ona hii. Tunakoroga mpaka mabega yanawaka, inatoa povu zuri kabisa, lakini kuganda haitaki. Mama anasema yenu ilikuwa ngumu kama jiwe."

Kamilus alichovya kidole, akanusa. Majivu yalikuwa sawa, mafuta sawa, moto sawa. Kilichokosekana alikijua kabla hajafuta kidole: maji ya bahari yaliyochemshwa mpaka yakakaribia kuwa chumvi tupu, yamiminwe sufuriani dakika za mwisho. Sabuni hujitenga yenyewe na kupanda juu, nzito na nyeupe. Maneno yalimfika ulimini kabisa.

"Mama yako anakuza mambo," alisema. "Mimi nimesahau, mwanangu. Mambo ya zamani yale."

"Kidogo tu, mjomba. Hata kipande utakachokumbuka."

"Wakurugenzi mna vitabu. Someni."

Linus alicheka akidhani ni utani, akaenda zake. Akarudi Jumapili baada ya misa, akaambiwa vile vile. Akarudi mara ya tatu siku ya Jumatano, na safari hii hakucheka. Wageni wa mradi wangekuja Ijumaa, alisema. Sabuni ikisimama, vijana wanane wanapewa banda na mashine ya kukamulia mafuta. Isiposimama, vinakwenda kijiji kingine.

"Na isiposimama, wewe utafanya nini?" aliuliza Kamilus.

"Nitapanda mgodini, mjomba. Wenzangu wa rika wote wako huko wanachekecha dhahabu. Mama hataki kwa sababu ya maporomoko. Lakini nile wapi?"

Kamilus aliingiza popoo nyingine mdomoni ili mdomo uwe na kazi. "Mungu atasaidia," akasema. Alimwona kijana akishuka njia ya mto na kopo lake, na ndani ya moyo wake, nisiwafiche, kulikuwa na utamu. Mdogo, mchungu kwa mbali, lakini utamu. Mkurugenzi naye ataonja kurudishwa mlangoni.

Ijumaa kijiji kizima kilijaa uwanja wa kanisa. Kina mama walipika tamatama, ndizi zilizopondwa na kuungwa kwa tui la nazi. Bi Hilda alikuja na bwana mmoja mrefu wa ofisini, mwenye daftari. Linus akasimama mbele na wenzake, akajikaza kisabuni, akafunua kitambaa. Chini yake kulikuwa na vifuu ishirini vya nazi vyenye uji ule ule.

"Inasafisha vizuri," alisema. "Ila bado haijakubali kuganda."

Bi Hilda alinawa mikono, akasifu povu, akasifu harufu, na kila sifa ilizidi kupoa. Perpetua, mama yake Linus, aliinamisha kichwa akawa anachambua majani ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Kamilus alikuwa ameegemea nguzo nyuma ya watu. Utamu aliokuja nao ulikuwa umeshaanza kumchachia, lakini alinyamaza. Na angenyamaza mpaka mwisho, kama bwana wa daftari asingefungua mdomo.

"Msihuzunike, vijana," alisema bwana yule kwa upole. "Pengine hata wakati wa vita haikuganda. Watu wakipita kwenye shida hukumbuka mambo makubwa kuliko yalivyokuwa. Pengine ile sabuni ngumu ni hadithi tu."

"Hadithi ya mama yako!" ilipasuka sauti nyuma. Watu wakageuka. Kamilus alikuwa anapasua katikati yao, mate mekundu yanamtoka. "Nimeikata kwa kisu mimi! Kwa mikono hii! Inaganda kwa maji ya bahari, yachemshwe yabaki robo ya robo, umimine mwishoni ukiacha kukoroga! Nani kakwambia hadithi? Umewahi kuogesha watu mia nne wewe?"

Kisha Bi Hilda akashika mdomo, akacheka kwa furaha, akamshika Kamilus mkono. Akamuuliza hili, akamuuliza lile, na bwana wa daftari akawa anaandika mbio mbio huku akiomba radhi. Vijana wakapewa wiki mbili nyingine. Bi Hilda akapaza sauti kwamba mwalimu wao amepatikana, mwalimu mwenyewe, na watu wakapiga makofi, na mjane Atanasia akapiga vigelegele. Kila alichokitamani kwa miezi minne Kamilus alikipata kwa dakika kumi.

Alimtafuta Linus kwa macho. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa anavikusanya vifuu vyake kimoja kimoja.

Walipobaki wawili, kijana ndiye aliyeanza.

"Nilikuuliza mara tatu, mjomba."

"Uliniuliza."

"Ulisema umesahau."

"Sikusahau."

"Mara ya tatu nilikwambia nitapanda mgodini."

"Nilisikia."

Kamilus alitafuta uongo wa heshima, mmoja tu wa kumfaa mtu mzima, asiupate. "Ni wivu, Linus," alisema. "Nilikuonea wivu. Wewe unaanza, mimi sikuanza. Sina neno jingine."

Linus aliitikia kwa kichwa polepole. Hakutukana. Afadhali angetukana.

"Jumanne uje uwafundishe wenzangu," alisema. "Uwafundishe vizuri, usiache kitu."

"Na wewe?"

"Mimi nitajifunza kwao."

Jumanne Kamilus alifundisha, na hakuacha kitu. Vijana saba walimzunguka, wakimwita mwalimu, wakinusa kila alichonusa. Linus alikuwa nje, hatua kumi kutoka kwenye sufuria, anapasua kuni. Maji ya bahari yalipomiminwa na sabuni ikaanza kujitenga, Kamilus alipaza sauti makusudi, sauti ya kufika ng'ambo ya mto: "Hapa sasa acheni kukoroga! Mtu asiiguse!"

Linus aliweka shoka chini. Alingoja mpaka Rosina, mmoja wa wale saba, alipotoka kufuata kuni, akamuuliza taratibu:

"Amesemaje?"