Gathogo na Dawa Aliyoipumzisha Msimu wa Kupogoa Kahawa

Umande bado umelala kwenye mibuni ya kijiji cha Gakindu, na Gathogo amesimama akiwa ameinua mkono juu. Msumeno umeteleza. Damu inachuruzika kidoleni, na wapogoaji wenzake wameacha kazi, wanamtazama.

"Mzee, hiyo damu inakataa kusimama," anasema Mwai, mwenzake wa miaka mingi.

"Itasimama. Wewe finya tu."

Mwai anafinya kwa leso yake safi. Haachii.

Gathogo, mwenye miaka sitini na mmoja, amepogoa kahawa ya watu tangu ujana. Moyo wake hudunda ovyo, mara mbio, mara unaruka pigo. Katika moyo kama huo damu inaweza kutuama na kuganda, kisha bonge likapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Ndiyo maana daktari alimpa tembe za kuzuia damu isigande, ameze kila siku.

Lakini mpogoaji hakosi kujikata. Msimu uliopita kila mkwaruzo ulimtoa damu nyingi, akaamua dawa ipumzike mpaka kazi iishe.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Ati nikimaliza kahawa, nitarudia."

Hakumaliza. Asubuhi moja msumeno ulimponyoka, mdomo ukapinda, maneno yakagoma kutoka. Mwai alimbeba mgongoni hadi barabarani, akimfuta mate kama mtoto wake, wakawahi hospitali. Mkono ulipata nguvu tena, na maneno yakarudi. Daktari alimwonya kwamba mara ya pili huenda asipone.

Sasa mkewe, Wakonyo, amefika na chai ya wapogoaji. Anaona leso imelowa damu.

"Baba Wachuka, kesho utaacha dawa tena?"

Gathogo anatikisa kichwa.

"Siachi. Leo nimemeza, na kesho nitameza."

"Basi wewe utatuonyesha matawi, sisi tukate," Mwai anasema, bado amefinya kidole. "Lakini usituletee ukubwa!"

Gathogo anacheka, na damu inakubali kutulia.

Alhamisi atakwenda kliniki kumweleza daktari kuhusu damu hiyo, jambo alilolificha msimu uliopita. Desemba, binti yake Wachuka anafunga ndoa.

"Nataka nimpeleke kanisani kwa miguu yangu," anasema. "Na pasta akiuliza ni nani anamtoa huyu msichana, nijibu mwenyewe, mpaka watu wa nyuma wasikie."